Siku Kumi za Astère

Consolate hakuwahi hata siku moja kuanza na bei yake ya mwisho. Awe anauza chumvi au mawese, awe anapangisha kile chumba chake cha Buyenzi, awe anapatana na fundi wa bati, alianzia juu, juu kabisa, au chini kabisa kama ndiye anayenunua, mahali pa kumfanya mtu ashike kichwa, kisha akanyamaza. Wako wanaotajirika kwa mdomo. Yeye alitajirika kwa kuufunga. Nyumba yake ya Kinanira, mjini Bujumbura, yenye vigae na geti la chuma, ilitoka humo.

Asubuhi moja ya Aprili alikuwa bandarini. Meli ya mizigo kutoka Kigoma ilikuwa imetia nanga tangu alfajiri, chumvi imejaa tumboni, na nahodha amekaza bei. Cirimwami, msimamizi wa wapakuzi, Mshi wa Bukavu, Kongo, aliyeingia Bujumbura akikimbia vita na kubaki miaka ishirini, alikuwa anakwenda na kurudi kati yao kama mshenga.

“Maman Conso, muzee anasema kwa bei yako hatoi hata gunia moja.”

“Nimesikia.”

“Nimujibu nini sasa?”

“Usimujibu kitu. Mwambie nimeenda kunywa chai.”

“Lakini uko hapa, Maman. Anakuona.”

“Anione. We mwambie niko kwa chai.”

Cirimwami akacheka, akaenda. Consolate akaketi juu ya mifuko ya saruji ya watu na kufungua simu, ili nahodha amwone kuwa ana mambo mengine ya kufanya. Ndipo akaukuta ujumbe wa Chanelle.

Chanelle alikuwa mtoto wake wa pekee, binti wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa akisoma masta kule Liège, Ubelgiji. Ujumbe ulikuja na jedwali. Mitihani ilikuwa iishe mwisho wa Juni, na binti alikuwa amepanga kuzunguka Ulaya peke yake karibu mwezi mzima wa Julai.

Consolate aliishia darasa la sita, lakini jedwali alilisoma kwa kidole, polepole, na halikumpita. Safu ya tarehe, safu ya mji, safu ya mahali pa kulala, safu ya bei. Basi la usiku mpaka Strasbourg, kwa kuwa anayelala ndani ya basi halipii kitanda. Kutoka hapo Munich, Vienna, Budapest, Ljubljana, Venisi. Vyumba vya wasichana watupu, vitanda sita hadi vinane, kufuli uje nayo mwenyewe. Majumba ya makumbusho yamepangwa kwa siku ambazo mlango ni bure. Begi moja tu, limepimwa kwa rula, la kuingia chini ya kiti cha ndege bila kudaiwa nyongeza. Pembeni jina la Sephora, rafiki wa Chanelle, na saa ambazo angetumiwa ujumbe kila mara akifika mji mpya, ili ukikosekana ajue pa kuanzia kutafuta.

Consolate alilitazama lile jedwali kama mtu anavyotazama mzigo uliofungwa vizuri. Hapakuwa na kamba iliyolegea. Huyu ni wangu, alijisemea.

Kisha akafika kwenye mstari wa mwisho. Tarehe 24 Julai hadi tarehe 2 Agosti. Safu ya mji haikuwa na mji. Ilikuwa imeandikwa: Baba.

Chini yake Chanelle alikuwa ameandika: “Mama, hizi siku kumi nimeziacha za kuganduka. Tarehe tatu Agosti ninaanza kazi, siwezi kuvuka hapo. Tiketi ya kuja Buja nimeiona ya bei nzuri lakini inaisha Ijumaa. Nijibu kabla tafadhali.”

Kuganduka ni kule kuondoa msiba. Mtu akizikwa, nyumba hukaa katika huzuni yake mwaka au karibu na mwaka, kisha familia hukutana, misa husomwa, watu hula na kunywa, maneno husemwa, na mjane huvua nguo za msiba. Mume wa Consolate, Astère, alikuwa amefariki Agosti iliyopita. Kumzika, Chanelle hakuja. Kadi yake ya ukaazi ilikuwa imeisha muda na mpya haijatoka. Akitoka Ubelgiji bila kadi, kurudi ni bahati nasibu. Akamzika baba yake kupitia simu iliyoshikwa na jirani, picha inatetemeka, mara inaonyesha jeneza, mara viatu vya watu. Siku ile alisema neno moja tu lililosikika: “Kwenye kuganduka nitakuwepo.”

Na ilimpasa awepo. Bonfils, kaka mkubwa wa marehemu, alikwisha anza kusema mbele za watu kwamba mdogo wake ameacha mtoto wa kwenye simu. Katika familia ile, siku ya kuganduka, mtoto wa marehemu hukaa kiti cha mbele na kusema neno la watoto, na tangu hapo ndiye anayeitwa kwenye kila kikao cha familia. Kiti kikikosa mtu hakiachwi wazi.

Basi Consolate alikuwa amepewa alichokitaka. Alikuwa nacho mkononi, kimeandikwa. Muda wote wa mwaka ule, alipolala na kuamka, hesabu yake ilikuwa hiyohiyo: mtoto apate wiki moja, siku kumi zikizidi. Na sasa siku kumi zilikuwa pale.

Lakini mtu aliyefanya biashara miaka thelathini hasomi namba kama wewe na mimi. Aliposoma kumi, aliona mtu anayeanzia kumi. Aliyeanzia kumi ana ishirini mfukoni. Na ile habari ya bei kuisha Ijumaa, nani hajawahi kuambiwa hivyo? Wauza bati wote wa Bujumbura, bei yao inaisha Ijumaa, na Jumatatu unaikuta palepale inakungoja.

Akaandika kwa kidole kimoja: “Siku kumi ni za mgeni. Baba yako si mgeni. Utakuja likizo nzima, tangu Julai mpaka Septemba. Hayo mazunguko yatakungoja.”

Akatuma, akazima simu.

Cirimwami alikuwa anarudi mbio.

“Amekubali, Maman! Amesema uache kunywa chai yake ya uongo, uje ulipe.”

Consolate akainuka na kukung’uta saruji kwenye sketi. “Ungekuwa mwepesi wa kumjibu, tungebishana naye mpaka usiku,” alimwambia.

*

Yafaa ijulikane Chanelle alitoka upande gani.

Consolate alianza na karanga kwenye sinia, akiwa yatima wa miaka kumi na minne. Alipofika kumi na tisa alipanda meli ya mizigo peke yake mpaka Kigoma, akalala juu ya magunia siku mbili, kisu cha kumenyea ndizi ndani ya soksi, akarudi na katoni tatu za sabuni. Tangu hapo hakuna bei aliyoiamini.

Astère alikuwa mtu mwingine. Karani wa wizara, ofisi yake iko Kigobe, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Yeye alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Akiambiwa nyanya ni elfu tano, anatoa elfu tano na kusema asante. Wanawake wa sokoni walikuwa wakigombea kumwita. Consolate alipomgombeza, alijibu kwa upole: “Sasa Mama Chanelle, kama alitaka tatu, kwa nini aliniambia tano?” Na hakuwa anatania. Astère aliamini kwamba mtu akisema kitu ndicho anachokimaanisha. Binti yake alirithi kupanga kwa mama, na kuamini kwa baba.

Jioni ya siku ileile Chanelle alituma sauti. “Mama, miezi miwili siwezi. Kazi nimesaini, ndiyo inalipa chumba changu mpaka Desemba. Naweza siku kumi. Niambie kama zinafaa ninunue tiketi.” Jumanne akapiga simu. Jumatano akapiga mara mbili. Consolate hakupokea. Aliitazama simu ikilia kama anavyomtazama nahodha akikuna kichwa.

Ijumaa ilimkuta Buyenzi, dukani kwa Mwanasiti, rafiki yake wa tangu enzi za karanga, anayeuza vitenge. Simu ikalia mezani katikati ya vitambaa.

“Pokea basi,” Mwanasiti alisema.

“Iache ilie.”

“Shoga, huyo ni mutoto wako, si dalali wa mbuzi.”

“Ndiyo maana. Nikipokea leo, atajua nimekubali kumi. Nikipokea wiki ijayo, atakuja na mwezi.”

“Na asipokuja na mwezi?”

“Kumi ziko palepale. Haziendi popote.”

Mwanasiti akakunja kitenge alichokuwa amekikunja tayari. “Mi wangu nikimwambia nenda, huwa anaenda,” alisema. “Watoto wa siku hizi hawajui kwamba ukisema nenda unataka mtu ageuke mlangoni.”

“Chanelle ni mutoto wa sokoni.”

“Alitoka sokoni ana miaka mitano, akaenda shule ya watawa. Acha maneno yako. Huko aliko vitu vimebandikwa bei, unalipa au unaacha.”

Simu ikanyamaza. Ilikuwa saa kumi jioni. Kule Liège pia ni saa kumi, kwani wakati wa joto saa zetu na zao hukutana.

*

Kesho yake, Jumamosi, Bonfils alikuja Kinanira. Alikuwa mzee wa kilo nyingi na maneno ya kupimwa, mtu wa kukaa kwanza, kuomba maji, kuyasifu, ndipo aseme kilichomleta.

“Shemeji, mwaka unafika. Watu wa kwetu Muramvya wananiuliza tarehe. Sasa mimi nitawaambia nini? Mtoto yupo au hayupo?”

“Yupo.”

“Yupo Ulaya. Nauliza hapa.”

“Anakuja.”

“Lini?” Bonfils alitabasamu kwa upande mmoja. “Maana tulisikia pia kwamba angekuja kuzika. Kama kazi za wazungu zinambana, si vibaya. Loïc wangu yupo. Naye pia ni mtoto wa Astère, ukitazama vizuri.”

Loïc alikuwa mwanawe wa tatu, kijana wa miaka thelathini mwenye gari la kukopa na sauti ya redioni. Jina lile ndilo lililomchoma Consolate. Na mtu akimchoma, naye hupandisha bei.

“Chanelle anakuja likizo nzima,” alisema. “Tangu Julai mpaka Septemba. Chagua siku unayotaka, shemeji. Zote ni zake.”

Bonfils akanywa maji. Hakuwa ameitegemea ile. Akatoa shajara ndogo, akalamba kidole, akafungua. Paroko alikuwa na nafasi Jumamosi ya tarehe nane Agosti. Na ukumbi pia, alikwisha uliza.

“Tarehe nane, basi.”

Hapo palikuwa na pumzi moja ya kusema tarehe nane haifai, sema ya ishirini na tano Julai. Consolate aliiona ile pumzi. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba miezi haipo, kwamba ni siku kumi tu, na mbele ya Bonfils haikuwezekana. Akajiambia kwamba bado ana muda. Mtoto akija na mwezi, tarehe nane itakuwa ndani.

“Tarehe nane,” alijibu. “Hakuna shida.”

Alhamisi kadi zikaletwa zimechapishwa, za rangi ya maziwa, zenye ukingo wa zambarau. Jina la Astère juu. Chini, kwa herufi za kulala: Neno la watoto, Chanelle. Ile bei ya kuanzia ilikuwa imeandikwa kwa wino na kugawiwa Muramvya nzima.

*

Siku moja kabla ya kadi kuletwa, Jumatano, siku ya tisa tangu anyamaze, Consolate alipiga simu mwenyewe. Alisubiri saa ambayo binti hayuko darasani. Alikuwa ameandaa sauti yake, ile ya mtu anayekubali kwa shingo upande.

“Mama,” alisema Chanelle.

“Nimefikiri,” Consolate alianza. “Mimi si mama wa kumkandamiza mtoto. Nimekupunguzia. Njoo mwezi mmoja.”

Kimya kilichofuata hakikuwa cha biashara. Alikijua kimya cha biashara. Huwa na pumzi za mtu anayepiga hesabu. Hiki hakikuwa na kitu ndani.

“Mama, Jumapili nilinunua Porto na Lisboni.”

“Nini hiyo?”

“Miji, Mama. Ya Ureno. Zile siku kumi nimezijaza.”

“Zijaze nyingine! Zile si za baba yako?”

“Nilikupigia mara sita. Nilikwambia naweza kumi. Ulisema kumi ni za mgeni. Basi nikasema sawa, kama ni miezi miwili au hapana, ni hapana.”

“Nani alisema hapana? Mi nilisema hapana?”

“Hukusema kitu, Mama. Siku tisa hukusema kitu.”

Consolate alikuwa amesimama kwenye baraza. Akakaa. “Chanelle, kumi zinatosha,” alisema haraka, kwa sauti nyingine, ile halisi. “Zilikuwa zinatosha tangu mwanzo. Vunja hizo tiketi za Ureno, mimi nitalipa. Ila tumesogea kidogo: njoo tarehe tano, uondoke tarehe kumi na tano.”

“Tarehe tatu niko kazini. Nyumba ya wazee. Mimi ndiye ninayeshika zamu ya mtu anayekwenda likizo. Nilikuandikia hivyo tangu siku ya kwanza.”

“Waombe.”

“Niliomba mwaka jana, Baba alipokufa. Walinipa siku mbili za kulia chumbani. Mwaka huu nikiomba tena wanachukua mwingine, na chumba kinakwenda.”

Mama mtu akashika neno lililokuwa karibu. “Na huko utazunguka peke yako kama kichaa! Msichana mzima, miji asiyojua mtu. Ukianguka barabarani ni nani atasema huyu ni wa nani?”

“Wewe ulikwenda Kigoma peke yako.”

“Nilikwenda kutafuta sabuni!”

Chanelle akacheka kidogo, vibaya. “Na mimi natafuta kitu, Mama. Ungepokea simu ningekwambia.”

*

Consolate alijaribu upande wa pili. Alikwenda nyumbani kwa Bonfils na kreti mbili za bia na kitambaa cha mkewe, akaomba siku ile isogezwe nyuma wiki mbili. Hapo hakuanzia juu. Alisema ukweli, wote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake mbele ya mtu aliyekuwa anataka kitu kwake. Bonfils alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya tumbo.

“Shemeji, kadi zimefika mpaka mlimani kwetu. Siku ya msiba haihamishwi kama foleni ya mafuta. Na ni wewe uliyesema siku zote ni zake.” Akatikisa kichwa, huruma imemjaa uso mzima. “Tutafanya tu. Loïc atakaa hapo. Hakitaharibika kitu.”

Bia alizipokea.

Mwishoni mwa Julai, Consolate aliingia chumbani kwa Astère kupanga vitu vya kugawa, kwa kuwa shati na viatu vya marehemu hutolewa siku ile. Mume wake hakuwa na vitu vingi. Chini ya kabati alikuta kalenda za ukutani, zile ambazo wizara hupewa na wafadhili na makarani hurudi nazo nyumbani mwaka ukiisha. Astère alikuwa anazipenda. Hakuwahi kwenda mbali kuliko Kigali, lakini Jumapili alikuwa akimpakata Chanelle mdogo na kufunua miezi, mmoja mmoja, akimsomea majina yaliyo chini ya picha. Consolate alikuwa akipita na beseni na kuwaambia waache kuchezea karatasi.

Moja ilikuwa imechakaa kuliko zote, pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Akaifunua akiwa amesimama. Miezi minne ya mwanzo ilikuwa imechanika; ukurasa wa kwanza uliobaki, kanisa jekundu refu: Strasbourg. Kisha Munich. Kisha Vienna, farasi na gari. Kisha daraja la Budapest. Alifunua taratibu zaidi. Ljubljana. Venisi, maji mpaka mlangoni. Kurasa mbili za mwisho, Novemba na Desemba, zilikuwa Porto na Lisboni.

Alichukua simu, akaitafuta ile picha ya jedwali la Aprili, akazilinganisha kwa kidole. Zilifuatana vilevile. Ila mpango wa kwanza ulisimama Venisi. Novemba na Desemba hazikuwemo. Mtoto alikuwa amezikata ili zipatikane siku kumi.

Akaikunja kalenda. Hakuiweka na vya kugawa. Akakaa kitandani mpaka mtumishi alipokuja kuuliza kama awashe mkaa.

*

Tarehe nane Agosti ilikuwa siku ya vumbi, ziwa halionekani. Misa ilikwenda vizuri. Ukumbini watu wa Muramvya walijaza meza za mbele, mishikaki ilitoka kwa wakati, bia zilikuwa baridi. Mwanasiti alikuja na kitenge cha bluu cha kumvika rafiki yake baada ya kuvua nyeusi. Cirimwami alikuja na wapakuzi wanne waliovaa makoti ya watu wengine. Walikaa nyuma, wakala kwa adabu.

Kadi zilikuwa juu ya kila meza. Neno la watoto, Chanelle. Mtu alikuwa amepita na kalamu na kufuta jina, akaandika Loïc juu yake, lakini hakuwa amezimaliza zote.

Loïc alisema vizuri. Ni lazima kukubali. Alimwita Astère baba yetu, akataja upole wake, akasimulia hadithi ya nyanya za elfu tano na watu wakacheka mpaka wakafuta macho. Ile hadithi ilikuwa ya Chanelle. Ndipo Bonfils akasimama na kutangaza kwamba tangu leo, wenye jambo na nyumba ya Astère watamwona Loïc. Watu wakapiga makofi. Consolate naye akapiga makofi, kwa kuwa kila mtu alikuwa anamtazama.

Nyuma ya ukumbi, alipokuwa anavaa kitenge, simu ilitetemeka. Chanelle alikuwa ametuma picha. Alikuwa amevaa koti jeupe la kazi, amesimama kwenye korido ndefu yenye vyuma vya kushikia ukutani. Macho yamevimba. Chini aliandika: “Nimepata dakika tano. Wamefika wapi?”

“Wamemaliza,” Consolate aliandika.

Mwanasiti alikuwa anamfunga kitenge kiunoni. “Umemwambia ukweli?”

“Upi?”

“Kwamba ulikuwa unataka kumi tu.”

“Nilimwambia.”

“Akasema nini?”

“Nilimwambia nikiwa nimeshachelewa, shoga. Bei iliisha Ijumaa.”

*

Maisha yaliendelea, kwa kuwa chumvi haingoji mtu. Consolate alirudi bandarini Jumatatu akiwa na nguo ya rangi, na manahodha wakampa pole na kumpandishia bei siku hiyohiyo. Oktoba Loïc alikwenda na watu wawili kutazama shamba la Astère kule mlimani, akamwarifu Consolate baada ya kurudi. Chanelle alikuwa akituma ujumbe kila Jumapili: salama, baridi imeanza, mitihani. Alijibu alichoulizwa. Hakukuwa na ugomvi wowote ambao mtu angeweza kuupatanisha.

Novemba, kwenye mifuko ileile ya saruji, Consolate alifungua simu. Nahodha mmoja alikuwa anamsubiri, Cirimwami amesimama pembeni anangoja kauli. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akisoma kila neno kabla ya kuliacha:

“Chanelle, Krismasi. Siku tatu zinanitosha. Hata moja. Tiketi nalipa mimi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho, sina mengine nyuma yake. Ile kalenda ya baba yako ninayo.”

Akatuma. Alama mbili zikawa za bluu; mtoto amesoma. Consolate akangoja. Dakika kumi. Ishirini. Alijua kila aina ya kunyamaza iliyopo duniani, alikuwa amejenga nyumba kwa kunyamaza. Anayenyamaza anangoja mwenzake ashuke. Lakini safari hii yeye alikuwa ameanzia chini, na chini ya siku moja hapakuwa na kitu cha kupunguza.

“Maman Conso,” Cirimwami alisema, “muzee anauliza. Nimwambie uko kwa chai?”

“Mwambie nakubali.”

“Unakubali? Bei yake ya kwanza?”

“Mwambie nakubali, Cirimwami. Anza kupakua.”

Cirimwami akamtazama sana, kisha akaenda. Consolate akabaki ameketi, simu juu ya goti, kioo kikizima akikigusa kiwake, kikizima akikigusa tena.